Kadi ya kliniki na shule ya kwenye simu (sehemu ya 3)

Leo tupumzike chanjo kidogo.

Juzi mama mmoja hapa Kisaki kanionyesha simu kwa furaha. Binti yake aliachia shule kidato cha pili kwa ujauzito, mtoto sasa ana miezi saba, na binti anasoma "shule ya mtandaoni" kwenye kundi la WhatsApp. Kila mwezi wanalipia. Kapata asilimia 90! Nikamwomba anifanyie hesabu moja ya sehemu kwenye karatasi, simu nikaishika mimi. Akainama tu. Niliumia, maana kosa si lake.

Jamani, sisi kupima tunajua. Mtoto akija kliniki hatuishii kumuuliza mama "anakula vizuri?" Tunampandisha kwenye mzani, tunaweka nukta kwenye kadi, mwezi ujao tena, tunaangalia mstari unapanda au umelala. Hiyo 90 iliyotolewa na mtu yuleyule anayepokea hela ni kama kadi iliyojazwa nyumbani bila mzani.

Kwa hiyo mimi siulizi video zinapendeza kiasi gani. Nauliza mwalimu anasahihisha na kumwonyesha alipokosea, au anatuma tu? Bando linakula shilingi ngapi kwa wiki? (Mtandao wa huku mnaujua wenyewe.) Na kubwa kuliko yote: mtihani atafanyia wapi? Asiyekuwa kwenye shule iliyosajiliwa anaanza na Mtihani wa Maarifa, ule wa QT wa NECTA, ndipo afanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huyu mama hakuwahi kuambiwa hilo, na hela anatoa.

Sisemi simu haifai. Mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi, wengi wakarudi tarehe 29 Juni, vipindi vya redio na TV viliwasaidia waliokuwa navyo. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo mtandaoni, unasoma bure. Ila hivyo ni vya kusaidia, havijajiita shule.

Tena tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu mabinti waliojifungua kurudi darasani. Nilipomwambia binti, akaniuliza mara mbili, "Kweli, nesi?" Jumatatu anaenda na mama yake kwa mkuu wa shule. Bibi atabaki na mtoto.