Acheni Kununua Ukavu

Masika yakianza tu, wauza viatu vya michezo huwa na wimbo mmoja: "Chukua hii, bosi, haiingizi maji." Na wakimbiaji wa milimani, watu wanaobishana hata juu ya uzito wa kaptula, wanatoa pesa bila kuuliza swali la pili. Wameshaamini kwamba aliyejiandaa kwa mvua ni yule anayemaliza mbio akiwa mkavu. Imani hiyo ni ya uongo, tena ya gharama.

Panda njia za Uluguru mwezi wa Aprili uone. Nyasi zinafika magotini na vijito vimeikata njia. Maji hayahangaiki kupenya kitambaa cha kiatu. Yanaingilia juu, kwenye kifundo, yakiteremka na soksi. Utando ule ulioulipia ili uyazuie yasiingie ndio sasa unayazuia yasitoke. Kuanzia hapo unakimbia na ndoo mbili miguuni. Ngozi inalainika, soksi inajikunja kidoleni, lengelenge linaumuka. Mwenzako mwenye raba ya wavu mwepesi amelowa kabla yako, ni kweli, lakini hatua chache baada ya kijito raba yake imeshayatema maji.

Koti nalo lina mipaka yake. Vitambaa vya aina ya Gore-Tex hupitisha jasho likiwa mvuke, na mvuke hutoka vizuri pale hewa ya nje inapokuwa kavu kuliko ya ndani. Katika msitu wa Usambara wakati wa masika, hewa yenyewe imeshiba unyevu. Ukipanda mlima kwa mbio ndani ya koti hilo, mvua isipokulowesha, jasho litakulowesha.

Je, basi tukimbie na fulana tu? Hasha. Kulowa si hatari. Hatari ni kulowa na kupoa. Tarehe 22 Mei 2021, katika mbio za kilomita 100 mkoani Gansu, China, mvua ya barafu na upepo mkali viliwakuta wakimbiaji mlimani, wengi wakiwa na kaptula na fulana. Watu 21 walikufa. Koti la kukinga upepo halikuwa sharti la mbio zile. Nguo iliyolowa ikipigwa na upepo hunyang'anya mwili joto haraka kuliko unavyoweza kulizalisha, hasa ukichoka na kuanza kutembea.

Kwa hiyo cha kuuliza ni baridi kiasi gani, na upo umbali gani na msaada. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mvua ya Dar es Salaam inaburudisha. Mvua ya Horombo, kambi ya Mlima Kilimanjaro iliyo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, inaweza kukuua.

Pesa za utando zipelekeni kwenye soli. Kwenye utelezi, kinachokushika ni meno marefu yaliyoachana, ili tope lidondoke badala ya kuganda. Sokoni kwenye mitumba, omba maji kidogo uyamimine ndani ya kiatu: yakichuruzika nje, lipa, yakituama, rudisha. Acha soksi za pamba, paka mafuta ya mgando katikati ya vidole, na ukipanda kwenye baridi beba koti jepesi la upepo na fulana kavu iliyofungwa kwenye nailoni.

Waandaaji wa mbio za milimani nao waache kugawa fulana za pamba zenye majina ya wadhamini na kuziita vifaa. Njia ikipanda kwenye baridi, koti liwe sharti, begi likaguliwe mstari wa kuanzia, na asiye nalo azuiwe, hata kama ndiye bingwa wa mwaka jana.