Msiipime Gesi kwa Saa ya M-Pesa

Kila unapozuka mjadala wa nishati ya kupikia, hakosekani wa kusema: "Siku hizi teknolojia haichelewi. Si mliona M-Pesa?" Wengine huitikia kwa kichwa, na hoja inafungwa hapo. Imani hiyo ni potofu, na gharama yake wanaibeba wanawake walioko jikoni.

Ni kweli M-Pesa ilikwenda mbio. Safaricom iliizindua nchini Kenya Machi 2007, na miaka mitatu baadaye waliojisajili walikuwa wamepita milioni 9. Lakini safari yake haikuanzia hapo. Martin Cooper alipiga simu ya mkononi ya kwanza mjini New York mwaka 1973, na simu ya aina hiyo iliingia sokoni Marekani miaka kumi baadaye. M-Pesa ilipozaliwa, minara ilishasimama, simu zilishaingia mifukoni, wauza vocha walishajaa kila kona, na vijana wa mjini walishazoea kutuma pesa kijijini kwa mkono wa kondakta wa basi. Kazi ya miongo mitatu ilikuwa imefanywa na wengine.

Gesi ya kupikia haina urithi huo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Nalitaka lengo hilo litimie, kwa ajili ya misitu yetu na mapafu ya mama zetu. Ndiyo maana naumia ninaposikia maendeleo yakipimwa kwa idadi ya mitungi iliyogawiwa.

Jirani yangu anao mtungi wa kilo 6, alioupata kwa bei ya ruzuku. Uko pembeni mwa chumba, umefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pamewekwa redio. Gesi iliisha zamani. Jioni humpa mwanawe buku akanunue mkaa wa kopo dukani kwa Mangi. Kwenye orodha ya waliopata mitungi, jina lake limo.

Nimewasikia wanaosema watu kama yeye ni wagumu kubadilika. Wanamwonea. Pesa za mtandao anatuma na kupokea kila siku, na hakuna aliyemfundisha. Anauza maandazi, na anachopata leo ndicho anachokula leo. Mkaa unamkubali na buku yake. Mtungi unadai fedha nyingi kwa mkupuo. Tena jiko lenyewe limekaa juu ya mtungi mwembamba: jaribu kusonga ugali wa watu saba hapo, sufuria inayumba, huku mkono mmoja umeishikilia na mwingine una mwiko.

Wenye viwanda wa Marekani nao walichelewa kuhamia umeme, na hawakuwa wajinga. Edison alianza kuuza umeme New York mwaka 1882, lakini mwaka 1899 mota za umeme zilitoa chini ya asilimia 5 ya nguvu ya kuendesha mashine viwandani. Majengo yalikuwa yamepangwa kuufuata mhimili mrefu uliozungushwa na injini ya mvuke, mikanda ikishuka kutoka darini hadi kwenye kila mashine. Faida ya umeme ilionekana pale jengo lilipopangwa upya na kila mashine ikapewa mota yake. Mota kufika nusu ya nguvu hiyo kulichukua hadi karibu 1920.

Basi anayetaka kutabiri mwaka wa gesi aingie jikoni kwanza. Aulize pesa inaingiaje humo, na sufuria inakaa juu ya nini. Mita za kulipia gesi kidogo kidogo zimeshajaribiwa Dar es Salaam. Hizo zinaongea lugha ya buku, na ndizo zilizostahili ruzuku kabla ya mtungi mtupu. Na anayetuletea takwimu atuambie ni mitungi mingapi imerudi dukani kujazwa mara ya pili, na ya tatu. Wa jirani yangu haujarudi hata mara moja.