Geuza kadi ya fundi gesi

BARUA YA UGHAIBUNI
Na Rukia Mshamu

Baridi imeingia Uingereza. Saa zimerudishwa nyuma, giza linashuka watoto wakiwa ndio kwanza wametoka shule, na katika nyumba za kupanga za Leicester, Reading na mashariki ya London vifaa vya kupashia joto vilivyolala tangu Aprili vinawashwa tena. Msimu huu huniletea swali lile lile kutoka kwa wasomaji wanaoishi huku: moto wa gesi ulio ukutani sebuleni hauwaki, au unawaka kidogo kisha unazimika. Je, namjua fundi wetu yeyote anayeweza kupita jioni akautazama?

Mafundi wetu nawajua, na kazi zao nazisifu. Wanapaka rangi, wanaweka vigae, wanafunga makabati ya jikoni kwa bei ambayo familia inaimudu. Lakini kwa moto wa gesi jibu langu ni moja. Mwombe kadi yake ya Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi gesi wa huku, isome mbele, kisha igeuze usome nyuma. Kama hana kadi hiyo, asiguse hata skrubu moja, awe shemeji yako au mtoto wa mama mdogo.

Wengi wetu tumekikuta kifaa hiki ukutani na hatujawahi kuelezwa kinavyofanya kazi. Nyumba za zamani za Waingereza zilijengwa zikiwa na dohani, na moshi ulipanda wenyewe. Nyumba nyingi za miaka ya karibuni, na maghorofa mengi, hazina dohani kabisa. Anayetaka moto wa gesi katika nyumba ya namna hiyo ana njia chache, na mojawapo ni hii ya feni: fundi hutoboa ukuta wa nje, hupitisha bomba fupi, na feni ya umeme huvuta hewa chafu ya moto na kuisukuma nje. Kwa hiyo moto huu unategemea gesi na umeme kwa pamoja. Wapangaji wenye mita ya umeme ya kulipia kabla, mfano wa Luku yetu ya Tanzania, hushangaa sana wanapoona umeme umekwisha na moto wa gesi nao umezimika, ilhali gesi ipo.

Umezimika kwa sababu umeundwa hivyo. Ndani yake kuna swichi ndogo inayopima mvuto wa feni. Feni isipovuta kwa nguvu inayotakiwa, swichi haikubali na valvu ya gesi haifunguki. Pamoja na hiyo, vifaa vingi vina kinga nyingine kwenye ule moto mdogo unaotangulia kuwaka: oksijeni ikipungua chumbani, kimoto hicho huyumba na kujitenga na kihisi cha joto kilicho mbele yake, na gesi hukatika. Moto unaokataa kuwaka, mara nyingi una sababu nzuri ya kukataa. Huenda feni imeshika vumbi, kijibomba cha mpira kinachokwenda kwenye swichi kimepasuka, au mtu ameegemeza pipa la taka nje, mbele ya mdomo wa bomba.

Hapa ndipo hofu yangu ilipo. Fundi asiyeujua moto wa aina hii ataiona swichi ndiyo mbovu. Atachukua kipande cha waya, aunganishe pande mbili za swichi, na moto utawaka papo hapo. Watu watafurahi, chai itamiminwa, atapewa pauni zake na dua juu. Kuanzia jioni hiyo hakuna tena kitu chochote ndani ya nyumba kinachohakikisha kwamba moshi unatoka nje.

Moshi wenyewe huuoni. Gesi ya bombani imetiwa harufu makusudi ili ikivuja tuisikie. Kaboni monoksaidi, inayozaliwa gesi inapoungua bila hewa ya kutosha, haina harufu, haina rangi, haikereketi koo. Inaishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mwili unakosa hewa wakati kifua kinapanda na kushuka kama kawaida. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inakosa nguvu, usingizi unakulemea. Watu hudhani ni mafua ya baridi. Dalili ya kutilia maanani ni kwamba nyumba nzima inaumwa pamoja, na kila anayetoka kwenda kazini anapata nafuu huko, akirudi kichwa kinaanza tena. Ni sumu ile ile ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa Julai kule Limuru au Makete. Tuliokulia kwenye baridi za milimani tunazo habari za watu waliolala na jiko wasiamke, na bado tukifika huku tunaona moto wa gesi ni salama kwa kuwa hauna mkaa.

Kuna ushauri unaosambaa sana miongoni mwetu, kwamba moto wa buluu ni salama na wa njano ni hatari. Kwa jiko la kupikia na boila ushauri huo una maana. Lakini mioto mingi ya sebuleni imetengenezwa kwa makusudi iwake njano, ili ifanane na makaa au magogo halisi. Kuitazama rangi peke yake hakukwambii kitu. Masizi kwenye makaa ya bandia au ukutani juu ya moto, hayo ndiyo ya kuogopa, na ukiyaona zima moto, usiuwashe tena mpaka upimwe.

Nimewahi kukaa kwa rafiki yangu siku fundi aliyesajiliwa alipokuja kuufanyia moto wake huduma ya mwaka, na ningependa kila mpangaji aone kazi ile walau mara moja. Alianza nje kabla ya kuvua koti: alitazama mdomo wa bomba, akaukagua wavu wake, akapima kwa macho umbali mpaka kwenye dirisha la jirani. Ndani alizima gesi na umeme, akatandika shuka sakafuni na kuyatoa makaa ya bandia moja moja, akayapanga juu ya shuka kwa mpangilio ule ule alioyakuta nao. Kisha brashi laini na kifyonza vumbi. Kwenye kitundu kinachoingiza hewa kwa ule moto mdogo alitoa nyuzi za zulia na manyoya ya paka. Kifundo kidogo tu, lakini ndicho kilichokuwa kikiuzima moto kila baada ya muda mfupi. Aliporudisha makaa alikuwa na kitabu cha mtengenezaji kimefunguliwa magotini kwenye ukurasa wa picha, na kila kipande alikilinganisha na picha. Nilimuuliza kama mpangilio ni wa urembo. Akasema kipande kimoja kikikaa njiani mwa ndimi za moto, gesi haiungui yote, na hapo ndipo masizi na sumu vinapotokea.

Baadaye ilikuja zamu ya vipimo. Alipima mkandamizo wa gesi, akasoma mita kwa saa mkononi ajue moto unakula kiasi gani, akahakikisha kwamba feni ikizimwa na gesi inakatika. Halafu akafunga milango na madirisha yote na kuwasha feni ya jikoni kwa nguvu ya mwisho. Feni ya jikoni hutoa hewa ya nyumba nje, na katika nyumba iliyofungwa inaweza kuishinda feni ya moto na kuurudisha moshi sebuleni. Akawasha kijiti maalumu cha moshi na kukipitisha polepole ukingoni mwa moto. Moshi wote ulivutwa ndani. Angeuona hata utepe mmoja unageukia chumbani, alisema, angeukata moto na kuubandika karatasi ya onyo.

Yule mwenye kipande cha waya hana kipimo, hana kijiti cha moshi wala kitabu.

Kufunga moto mpya ni kazi kubwa zaidi, nami nitataja jambo moja tu ambalo halionekani kazi ikishamalizika. Nyumba nyingi za Uingereza zina ukuta wa tabaka mbili, na katikati pana uwazi. Bomba linapopita hapo lazima tundu livishwe mkono wa bomba unaovuka uwazi wote na kuzibwa vizuri pembeni. Fundi akitoboa na kupitisha bila hivyo, hewa chafu inaweza kuingia katikati ya ukuta na kutokea kwenye chumba ambacho hakina moto wowote, pengine cha watoto. Fundi aliyesajiliwa ana wajibu pia wa kuhakikisha kazi hiyo imearifiwa kwa serikali ya mtaa ndani ya siku 30, na mwenye nyumba hupata cheti.

Waingereza hawakuzaliwa na utaratibu huu. Mei 16, 1968, alfajiri, mpangaji wa ghorofa ya 18 katika jengo jipya la Ronan Point, Canning Town, mashariki ya London, aliwasha kiberiti achemshe chai. Gesi ilikuwa imevuja. Mlipuko ulizisukuma kuta nje na kona nzima ya jengo la ghorofa 22 ikaporomoka. Watu 4 walikufa. Udhaifu wa jengo lenyewe ndio ulioandikwa zaidi, na kwa haki. Lakini uchunguzi ulifuatilia pia gesi ilikotoka, ukafika kwenye nati isiyo ya kiwango nyuma ya jiko, jiko lililokuwa limeungwa na rafiki wa mpangaji. Mwaka 1970 ikaanzishwa orodha ya mafundi gesi, CORGI, na mwaka 1991 ikawa lazima kusajiliwa. Tangu Aprili 2009 orodha hiyo ni Gas Safe.

Ndiyo maana nasema kadi igeuzwe. Mbele kuna picha, namba ya usajili na tarehe ya mwisho. Nyuma zimeorodheshwa kazi ambazo mtu huyo amefuzu. Yupo fundi halali kabisa wa boila ambaye hajafuzu kwenye mioto ya sebuleni, na huyo naye hatakiwi kuigusa. Najua tunaona muhali. Kumdai ndugu karatasi mlangoni kwetu ni sawa na kumwambia humwamini. Fundi aliyesajiliwa haoni hivyo. Yeye kadi huitoa kabla hujamwomba.

Na wapangaji mjue haki yenu, maana wengi mnamtafuta fundi wa bei nafuu kwa gharama isiyo yenu. Kwa kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998, mwenye nyumba analazimika kukagulisha kila kifaa chake cha gesi kila mwaka kwa fundi aliyesajiliwa, na kukupa nakala ya cheti ndani ya siku 28; mpangaji mpya hupewa kabla hajahamia. Tangu Oktoba 2022, katika Uingereza yenyewe (England), mwenye nyumba anatakiwa pia aweke king'ora cha kaboni monoksaidi katika kila chumba chenye kifaa cha kuunguza kilichofungwa, isipokuwa jiko la kupikia la gesi. Scotland na Wales wana kanuni zao. Omba cheti kwa maandishi, na uweke nakala ya ujumbe wako. King'ora kikilia, au ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, zima moto kama unaweza, toa watu wote nje, kisha piga 0800 111 999, saa yoyote, bure.

Nina neno zito zaidi kwa ndugu zetu wenye nyumba. Ukimkodisha kijana aliyefika juzi kutoka Tanga au Mombasa chumba kimoja ndani ya nyumba yako, mbele ya sheria wewe ni mwenye nyumba, na wajibu wa ukaguzi wa kila mwaka na wa cheti ni wako. Kijana huyo hatakuomba cheti. Anakuita mjomba, amekuja na barua ya mama yake, na hajui kwamba cheti kipo duniani. Kwa hiyo usimngoje akuombe.

Vyama vyetu vya kusaidiana huku vina nguvu kubwa. Mtu akifariki, kwa siku chache tu zinapatikana maelfu ya pauni za kumsafirisha nyumbani. King'ora kimoja kinauzwa chini ya pauni 30. Nawaomba viongozi wa vyama, kabla Desemba haijafika, wakubaliane kununua ving'ora vya wanachama wasio na uwezo, na waandike orodha ya mafundi gesi wanaosema Kiswahili ambao wamesajiliwa, namba zao zikiwa zimehakikiwa kwenye rejesta ya Gas Safe. Orodha hiyo itakuwa fupi. Basi chama kichague vijana wawili watatu kati ya mafundi wetu wenye mikono mizuri, kiwachangie ada ya mafunzo na ya mitihani, ambayo hurudiwa kila baada ya miaka 5, ili mwakani msomaji akiniuliza kama namjua fundi wetu, nimpe jina na namba.