Mtoto Apepesaye Macho Hastahili Fimbo



Mtoto wa miaka 6 au 7 aanzapo kupepesa macho kupita kiasi, hukumu huja kabla ya uchunguzi. Mama humkemea ayatulize macho yake. Maalim chuoni hudhani anafanyiwa dhihaka. Jirani hunong'ona kuwa ni husuda. Yafaa kwanza tuielewe hali yenyewe.

Kupepesa ni neema. Kila kope zinaposhuka hutandaza machozi juu ya jicho, zikaliosha vumbi na kulilinda lisikauke. Mtu mzima hupepesa yapata mara 15 hadi 20 kwa dakika. Mtoto anayezidisha mno aghalabu ana sababu, nayo si utovu wa adabu.

Sababu huweza kuwa katika jicho lenyewe: vumbi, moshi wa kuni au wa udi, mzio unaowasha, au ukope uliopinda kwa ndani. Mtoto asiyeona vizuri ubao au herufi za msahafu naye hupepesa akitafuta kuona. Simu pia ina lake, kwani anayeikodolea kwa muda mrefu husahau kupepesa, macho yakakauka na kuanza kumsumbua. Basi hatua ya kwanza ni kumpeleka kwa mtaalamu wa macho. Usimtie maziwa, asali wala wanja. Baadhi ya wanja una madini ya risasi, nayo ni sumu kwa mtoto.

Macho yakionekana mazima, mara nyingi huwa ni misuli inayojitikisa pasipo hiari, jambo linalowapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Mtoto huhisi msukumo mfano wa mtu anayetaka kupiga chafya: aweza kuuzuia kidogo, kisha humshinda. Hali hii huzidi kwa uchovu, hofu au hata furaha kubwa, na kwa watoto wengi huondoka yenyewe kabla ya mwaka kutimia. Dawa yake ya mwanzo ni kutoitaja. Kila akikemewa, fikira zake hurejea machoni, na macho yakazidi kupepesa.

Hata hivyo, usichelewe kwenda hospitali ukiona jicho jekundu lenye maumivu, kuukimbia mwangaza, au weupe ndani ya mboni. Vilevile akiwa huduwaa ghafla kwa sekunde chache, kope zikichezacheza, wala haitiki aitwapo, huenda ni aina ya kifafa, nacho kina dawa. Na miondoko ikienea usoni au mabegani, au ikapita mwaka, mrudishe kwa daktari.

Kumsomea mtoto dua ni jambo jema, wala hakumzuilii mzazi njia ya hospitali. Dini yetu imetuhimiza kutafuta tiba.

Nasaha yangu kwa walimu wenzangu wa madrasa: mtoto huyu asichapwe, asiigizwe mbele ya wenzake, wala asitolewe darasani. Macho huenda yakatulia baada ya miezi michache, lakini aibu aliyotiwa mbele ya wenzake yaweza kumfanya akichukie chuo umri wake wote. Nanyi akina mama, wakatazeni ndugu zake kumpachika jina la mzaha. Alazwe mapema, apunguziwe simu, aachwe acheze.

Wabillahi tawfiq.