Amplifaya na Joto la Garissa

Wewe uliyejinyima miezi mingi ukanunua amplifaya ya maana na kuifikisha salama Garissa, tafadhali ondoa kile kitambaa ulichoifunikia. Najua kinapendeza, na pengine mama alikifuma kwa mikono yake. Lakini chombo hicho hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na hapa mchana hewa yenyewe hufikia nyuzi 35. Matundu yake yakizibwa, transista huungua.

Iweke peke yake, nafasi ya sentimita 10 kila upande. Vumbi lifute kwa brashi kavu, baada ya kuichomoa. Umeme wetu ni wa volti 240, ila hupanda na kushuka, hivyo nunua stabilaiza kabla ya kutamani spika kubwa zaidi.

Washa kwanza mashine ya CD, amplifaya mwisho. Ukizima, anza na amplifaya. Ule mshindo wa "du!" huumiza spika.

Kisha jua likishatua ng'ambo ya Mto Tana, weka wimbo wa Kisomali wenye kaban, yaani udi, kwa sauti ya chini. Ukisikia hata kidole kikiachia uzi, basi hapo ndipo pesa zako zilipokwenda.