JINA MOJA, JASHO LA WENGI



Mkulima wa tumbaku anapohesabiwa, huhesabiwa mtu mmoja. Jina lake ndilo liandikwalo katika daftari la chama cha msingi. Kwa jina hilo hutolewa mkopo wa pembejeo, na kwa jina hilo hupokelewa malipo. Lakini tumbaku hailimwi na jina. Hulimwa na familia nzima. Hapo ndipo lilipo chimbuko la dhuluma moja ambayo tumeizoea mno.

Sisi wa nyanda za juu za Ufipa twaishi kwa mahindi, maharage na ulezi. Wazee wetu walirutubisha ardhi kwa matuta ya ntumba, wakifukia majani yaoze, wala hawakudaiwa mbolea na mtu. Majirani zetu wa Mpanda, tuliokuwa nao katika mkoa mmoja wa Rukwa hadi mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012, wamefungamana na tumbaku, na vijana wetu huenda huko kutafuta vibarua. Habari zao ni habari zetu.

Tazameni kazi yenyewe. Kabla ya mvua, mama na watoto humwagilia vitalu. Mvua zikianza, miche huhamishiwa shambani. Hufuata palizi, mbolea, kukata vilele na kuondoa maotea. Majani huchumwa kidogo kidogo kuanzia ya chini, na yakiwa yamelowa umande, sumu ya tumbaku hupenya katika ngozi ya mchumaji, akashikwa na kizunguzungu na kutapika. Kisha hukatwa kuni, na moto wa bani hulindwa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Mwisho majani huchambuliwa kwa madaraja na kufungwa marobota.

Sokoni, mteuzi hutaja daraja, na bei kwa miaka mingi imekuwa ikipangwa kwa dola za Marekani, fedha ambayo mkulima hakuishika. Kwanza hukatwa deni la pembejeo. Na kwa kuwa wanachama hudhaminiana, aliyelima vyema huweza kukatwa hata deni la jirani aliyeshindwa. Mwenye mahindi akikosa bei, angalau hula ugali; tumbaku hailiki.

Dhuluma ya sokoni yastahili kukemewa. Ila leo twasema juu ya ile iliyomo ndani ya nyumba zetu. Kinachobaki baada ya makato hupokelewa na baba peke yake. Wako akina baba wanaoketi na wake zao wakapanga ada, bati na chakula, Mungu awabariki. Wako pia wanaotokomea mjini hata fedha ziishe, wakarudi mikono mitupu, na mama asiweze kuuliza, maana hajui zilikuwa shilingi ngapi.

Wengine husema baba ni kichwa cha nyumba. Na iwe hivyo. Lakini kichwa hakishibi huku mwili ukifa njaa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kuwa kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ikiwa kupika na kulea ni mchango, sembuse kuchuma na kukesha penye bani? Mtume Yakobo (5:4) aonya kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji humlilia Mungu. Onyo hilo aliwapa matajiri. Lakini azuiaye ujira wa mkewe hawezi kujificha nyuma ya umaskini wake.

Na watoto je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Lakini hata pasipo ajira, mtoto aliyelinda moto usiku hawezi kusoma mchana.

Kwa hiyo twasihi: mume na mke waandikishwe wote wawili katika chama, karatasi ya mauzo na makato isomwe nyumbani, mbele ya mama, fedha za chakula na shule zitengwe kwanza. Nasi wa Ufipa tuanze na magunia yetu ya mahindi, maana desturi ni ile ile.

Maswali kwa jumuiya ndogondogo:

1. Katika nyumba zetu, ni nani ajuaye bei tuliyouzia mavuno yaliyopita?
2. Je, yuko mtoto wa jumuiya yetu aliyekosa shule kwa ajili ya shamba, nasi tukanyamaza?
3. Chama chetu cha msingi kina wanawake wangapi, na kwa nini?