Tunataka jina kwenye kazi, hatutaki jina kwenye kila afishi

Vijana wa Kalemie, wa Lukuga na wa Lac, tuseme wazi.

Kuna ramani za muji wetu zinapita mu mikutano, zimechapishwa vizuri, chini logo tano za mashirika. Muangalie ile pembe ya chini: mara na mara jina la OpenStreetMap haliko. Lakini data ile ilichorwa na watu wa kujitolea, na majina ya mitaa yanaletwa na wenyeji wanaoitembea kwa mguu. Lisansi yake, ODbL, tangu 2012 inaomba kitu kidogo: chanzo kitajwe pale ramani inapoonekana. Mstari mmoja! Kuufuta ni wizi, hata aliyeufuta akiwa na jeep na bajeti ya "kushirikisha vijana".

Sasa, kwa hasira hiyo, kuna wenzetu wanaotengeneza programu wanasema: basi tukaze masharti, kila anayetumia kazi yetu atutaje kwenye kila afishi na kila tangazo la redio. Hapo njo tunakataa.

Ilishajaribiwa. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kiliweka sharti hilo hilo kwenye lisansi ya programu zake za BSD: tangazo lolote linalotaja programu lazima libebe sentensi ya kukitambua. Ilionekana adabu tu. Wengine wakaiga, kila mmoja akiweka jina lake mwenyewe. Richard Stallman alihesabu sentensi 75 za namna hiyo katika toleo moja la NetBSD la mwaka 1997. Sabini na tano! Nani hapa atalipa redio isome majina 75 mbele ya kusema boti inatoka saa ngapi?

Tena sharti lile liligongana na GPL, lisansi ya programu nyingi huru. Kazi mbili, zote za kugawana, hazikuweza kuunganishwa na kusambazwa kama kazi moja. Berkeley wenyewe walilifuta tarehe 22 Julai 1999. Wakabakiza lililo la haki: jina la mwenye kazi likae ndani ya kazi na kwenye hati zake.

Na sisi vibao tunavijua. Bomba moja, vibao vitatu vya wafadhili, maji hayatoki.

Kwa hiyo, mashirika na ofisi za jimbo: rudisheni ule mstari kwenye ramani, leo, haulipishwi. Na ninyi munaoandika programu: chukueni MIT, ao BSD ya vipengele vitatu. Jina lenu litabaki ndani. Ziwa likipanda tena na familia za kando zikihama, kijana anayetaka kuunganisha programu yako na ya mwenzako usiku ule ule asikwamishwe na orodha ya shukrani.